Kutoka Marangu hadi bonde la Zenne: siku sita za pombe iliyochacha

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi nyumbani, nikitumia daftari dogo lililolowa kwenye kurasa za katikati na picha zilizobaki kwenye simu. Bei ninazozitaja ni za Mei 2019, wakati euro moja ilikuwa kama shilingi 2,600.

Nianze na bibi yangu mzaa mama, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na sababu ya kupanda ndege kwenda kuonja bia chachu. Bibi aliuza mbege kwa zaidi ya miaka thelathini katika kilabu kilichoko njia panda ya kwetu Marangu. Alichemsha ndizi mbivu, akaziacha ziive kwenye pipa, akazichuja, kisha akachanganya na togwa ya ulezi iliyotiwa magome ya mti wa msesewa ili ipate uchungu. Siku ya kwanza mbege huwa na utamu, siku ya pili huwa imekaa sawa, na siku ya tatu imechacha. Hapo bei hushuka hadi nusu, na inayobaki huenda kwa nguruwe. Nilikua nikijua kwamba uchachu ni hasara. Kwa hiyo dada yangu anayeishi Ubelgiji aliponiandikia kwamba kuna watu huko wanaoacha bia ichache kwenye mapipa ya mbao kwa miaka mitatu, kisha wanaiuza ghali kuliko bia nzima, nilidhani ananitania.

Jumatano 1 na Alhamisi 2 Mei: Kilimanjaro – Addis Ababa – Brussels

Viza ya Schengen ilinigharimu euro 60, na tiketi ya kwenda na kurudi ilikula shilingi milioni 1 na laki 9. Addis Ababa ndege ya pili ilichelewa kwa saa nne bila maelezo ya maana. Mama mmoja wa Bujumbura, aliyekuwa akienda kumwona mwanawe mjini Liège, alinigawia nusu ya chapati zake bila kuniuliza kama nina njaa. Nadhani aliniona nikihesabu dola zangu mbele ya kioo cha mgahawa. Tulizungumza Kiswahili hadi tulipoitwa, na tulipofika sikumwona tena.

Treni kutoka uwanja wa ndege hadi stesheni ya Midi iligharimu takriban euro 9. Dada na shemeji wanakaa Anderlecht, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu kutoka hapo, katika mtaa ambao maduka yake ya Wamoroko yalikuwa yamejaa makasha ya tende, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa imebaki siku chache. Shemeji ni mtu wa Lubumbashi. Alinipokea kwa kicheko na kuniambia kwamba yeye alishaonja hiyo bia ya kichachu mara moja na kwamba inamtosha: “Miye niko muntu wa Simba,” akimaanisha bia ya kwao.

Ijumaa 3 Mei: Cantillon, rue Gheude

Kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900, kiko katika mtaa wa kawaida kabisa, kati ya nyumba za kupangisha na gereji, na mtu anaweza kuupita mlango wake mara mbili kama tulivyofanya sisi. Tangu 1978 ni makumbusho pia. Tulilipa euro 7 kila mmoja, pamoja na vionjo mwishoni, tukapewa karatasi ya maelezo na kuachwa tutembee wenyewe.

Ndani kuna harufu ambayo niliifahamu kabla sijaona chochote: ghala lenye mbao zilizolowa, matunda yaliyoiva kupita kiasi na kitu kama ngozi ya zamani. Ni harufu ya nyuma ya kilabu cha Bibi, isipokuwa hapa kuna ubaridi.

Bia inayopikwa hapa huitwa lambiki. Nafaka yake ni takriban asilimia 65 ya kimea cha shayiri na asilimia 35 ya ngano isiyooteshwa. Togwa inayopatikana huchemshwa kwa saa kadhaa pamoja na hopsi, yaani maua machungu ya kutilia bia, zilizohifadhiwa miaka miwili au mitatu hadi zikapoteza uchungu na kubaki na kazi moja tu, ya kuzuia bakteria waharibifu. Hadi hapo hakuna ajabu. Ajabu iko juu, chini ya paa, ambako tulipanda kwa ngazi nyembamba ya mbao na kukuta sinia kubwa la shaba nyekundu lililojaza chumba kizima, kina chake kama shubiri moja na nusu. Togwa ya moto humwagwa humo jioni na kuachwa usiku kucha huku matundu ya ukutani yakiwa wazi. Hakuna anayeitia hamira. Hewa ya usiku, pamoja na vijidudu wanaoishi kwenye mbao za paa lenyewe, ndiyo chachu yake. Asubuhi, ikiwa imepoa hadi nyuzi 18 au 20, hushushwa kwenye mapipa. Hupikwa katika miezi ya baridi tu, kwa sababu wakati wa joto hewa huwa na bakteria wengi mno. Tulipofika Mei, sinia lilikuwa tupu na limesuguliwa, na kwenye kona ya dari buibui alikuwa ametandaza utando mkubwa bila mtu kumsumbua. Buibui hulindwa hapa, kwa sababu hula nzi wanaofuata matunda na bia.

Chini ni safu juu ya safu za mapipa ya mwaloni, mengi yakiwa yalishawahi kutunza divai au konyaki. Nilikuwa nimedhani kwamba pipa linawekwa ili liipe bia ladha ya mbao, lakini dada wa pale aliyekuwa akiwajibu wageni alinisahihisha kwa upole: pipa kuukuu halina tena ladha ya kutoa, lina wakazi. Wiki za kwanza hutawala bakteria wa utumbo, kisha hamira ya kawaida hula sukari nyingi kwa miezi kadhaa, halafu huja bakteria wa asidi ya maziwa, wa jamii ya wale wanaochachusha mtindi, na mwisho kabisa huamka hamira ya mwituni iitwayo Brettanomyces, ambayo huendelea kula mabaki taratibu na kuleta harufu ya ngozi na zizi. Baadhi ya wakazi hao hubaki ndani ya mbao wakingojea togwa inayofuata. Nilimweleza habari ya msesewa. Alitoa kalamu na kuandika jina hilo nyuma ya karatasi ya maelezo, akaniomba nilisome tena silabi kwa silabi.

Kionjo cha kwanza kilikuwa lambiki tupu, isiyochanganywa. Haina povu wala gesi. Imelala kwenye glasi kama chai baridi. Fikiria maji ya ukwaju yasiyotiwa sukari, yakiwa na ukavu mwishoni unaofanya mashavu yakutane. Cha pili kilikuwa geuze, na hapa nilielewa kazi yenyewe: mchanganyaji huchukua lambiki ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya mitatu, akazipatanisha na kuzifunga chupani. Ile changa bado ina sukari, kwa hiyo huchacha tena ndani ya chupa na kuleta gesi; ile kongwe huleta harufu na kina. Matokeo yake ni bia kavu inayochemka kwenye ulimi kama shampeni, yenye ndimu, ganda la balungi na ile ngozi ya zamani. Wenyewe hulitamka jina hilo kwa sauti ya kooni ambayo sikuiweza, lakini macho ya Mswahili yanasoma “geuze” na kufikiria kugeuza, na sikuona sababu ya kuyasahihisha.

Kwa atakayekuja: mwaka huo Cantillon ilikuwa ikifungwa Jumapili na Jumatano, nenda asubuhi kabla ya makundi, na kula kwanza. Asidi hii juu ya tumbo tupu haina huruma.

Jumamosi 4 Mei: Lembeek na Beersel

Sababu ya kuja wikendi hii ni Toer de Geuze, sherehe iliyoanza mwaka 1997 ambapo viwanda na wachanganyaji wa lambiki katika vijiji vya kusini na magharibi mwa Brussels hufungua milango kwa siku mbili. Huandaliwa na chama chao, HORAL. Mwaka huo huo wa 1997 majina Oude Geuze na Oude Kriek yalipewa ulinzi wa kisheria katika Umoja wa Ulaya, na hilo linafaa kukumbukwa dukani: neno “Oude” kwenye lebo ni dalili ya bia iliyotengenezwa kwa njia ya zamani, kwani geuze zipo nyingi zisizo na neno hilo ambazo zimetiwa utamu.

Wakati huo treni za wikendi zilikuwa na punguzo la nusu nauli kwa anayekwenda na kurudi. Tulishuka Lembeek saa nne asubuhi, mimi na dada, kukiwa na baridi iliyonifanya nivae koti la shemeji juu ya koti langu. Kiwanda cha Boon kiko karibu na mto Zenne. Frank Boon alinunua kiwanda kidogo cha zamani hapa miaka ya 1970, wakati ambapo watengenezaji wa lambiki walikuwa wakifunga mmoja baada ya mwingine, na tulipofika kiwanda kilikuwa na mapipa makubwa zaidi ya mia moja, ya yale yanayosimama kama nyumba na kubeba maelfu ya lita kila moja. Kila pipa lina namba, na baadhi ya namba hizo huuzwa peke yake kwa wanaotaka kujua tabia ya pipa moja.

Nilisimama muda mrefu mbele ya pipa moja. Kati ya ubao na ubao fundi alikuwa amepachika nyasi kavu za majini ili kuziba upenyo, na chini kabisa, pale nyasi zilipokuwa zimeanza kuchoka, tone moja lilikuwa limening'inia. Lilikua, likarefuka, likaanguka juu ya sakafu iliyokuwa tayari na duara dogo jeusi. Bibi aliziba pipa lake kwa majani makavu ya mgomba, na chini ya pipa lake kulikuwa na duara kama hilo hilo.

Vionjo viliuzwa kwa tiketi za karatasi, na nilitumia euro 12 asubuhi nzima. Mariage Parfait, yenye kilevi cha asilimia 8, ilikuwa laini kuliko geuze ya jana, yenye mwaloni na kitu kama vanila. Dada aliipenda, mimi nilikosa ule ukali. Mchana tulikula chakula cha huku: kipande kinene cha mkate kilichopakwa jibini nyeupe laini, juu yake vitunguu vya majani na figili zilizokatwa duara. Kwa euro 5 hakuna kinachoendana na bia chachu vizuri zaidi.

Kosa la siku hiyo lilikuwa langu. Nilikuwa nimenakili ratiba ya treni ya Halle hadi Beersel kutoka ukurasa wa siku za kazi, na tulipofika Halle tukakuta kwamba treni hiyo haipo Jumamosi. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukibishana kuhusu teksi wakati wazee wawili, mume na mke, waliona glasi ya sherehe mkononi mwa dada na kuuliza tunakoelekea. Mke ndiye aliyekuwa akiendesha. Alikuwa amekubaliana na mumewe kwamba yeye ataonja Jumapili na mumewe Jumamosi. Walitupeleka hadi mlangoni na kukataa pesa ya mafuta.

Njiani mzee alitusimulia habari ya mwaka 2009 katika kiwanda kingine cha Beersel, 3 Fonteinen. Kifaa cha kupimia joto kiliharibika, chumba cha kuhifadhia chupa kikageuka tanuri, na makumi ya maelfu ya chupa yakaharibika, nyingine zikipasuka zenyewe. Armand Debelder, mwenye kiwanda, alikaribia kufilisika. Sehemu ya bia hiyo ilikenekwa na kuuzwa kama pombe kali ili kuokoa chochote. “Miaka mitatu ya kusubiri,” mzee alisema, akipiga vidole vyake kuonyesha jinsi ilivyokwisha.

Kiwanda tulichokiendea, Oud Beersel, nacho kina historia ya kunusurika. Kilianza mwaka 1882, kikafungwa mwaka 2002, na mwaka 2005 Gert Christiaens akakifufua. Wakati huo togwa yake ilikuwa ikipikwa Boon kwa maelekezo yake, kisha ikiletwa hapa kukaa kwenye mapipa. Hapa nilionja kriki, lambiki iliyolowekwa cheri kali, takriban gramu 400 kwa kila lita. Rangi yake ni ya zambarau zilizopondwa, povu lake ni la waridi, na mwishoni kuna ladha ya lozi inayotoka kwenye kokwa. Si tamu hata kidogo. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alionja, akakunja uso, akaonja tena, na kwenye kionjo cha tatu akanunua kasha zima.

Jumapili 5 Mei: Gooik na Bierghes

Mabasi ya HORAL huzunguka viwandani kwa njia zilizopangwa, na tiketi zake huisha mapema mno. Dada alikuwa amezinunua wiki nyingi kabla. Ukikosa, usikodishe gari. Tembea, panda mabasi ya kawaida, au kubali kutembelea vijiji viwili tu. Tulipoteza dakika arobaini kumngojea abiria mmoja aliyelala kwenye nyasi nyuma ya ghala, na dereva hakumkemea, alimpa maji.

Gooik, kwa wachanganyaji wa De Cam, mapipa yametoka Plzeň katika Jamhuri ya Cheki, ambako yalitumika miaka mingi kwa bia ya Pilsner Urquell. Umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba niliyaona kwa kunyanyuka kwenye vidole vya miguu tu.

Bierghes ndiko nilikotulia. Pierre Tilquin alianzisha kazi yake mwaka 2009, na tulipofika hakuwa na sufuria ya kupikia. Alikuwa akinunua togwa kutoka viwanda vya Boon, Lindemans, Girardin na Cantillon, akiiweka kwenye mapipa yake, na kungoja. Geuze yake ya kwanza ilitoka mwaka 2011. Nikiwa na glasi ya lambiki ya quetsche, yaani plamu ndogo za zambarau za huku, nilipiga hesabu nyuma ya daftari: togwa, mapipa, kodi ya ghala na mishahara, na wakati huo wote hakuna chupa hata moja ya kuuza. Ujuzi wa kuchanganya nilikuwa nimeuheshimu tangu Ijumaa, lakini hapa niliona kitu kingine. Uchachu wenyewe hauna gharama. Hata Bibi aliupata bure, tena asiutake. Anachokuwa nacho mtu wa huku ni uwezo wa kutouza leo.

Nilinunua hapo chupa moja ya geuze kwa euro 8, sentilita 75, yenye kizibo cha gome na waya. Nyingine ya kriki nilikuwa nimeichukua Beersel.

Jumatatu 6 na Jumanne 7 Mei: Matonge na kurudi

Shemeji alisema sasa ni zamu yake, akatupeleka Matonge, mtaa wa Wakongo ulioko Ixelles. Tulikula sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, pamoja na samaki wa chumvi na chikwangue, yaani muhogo uliofungwa kwenye majani, kwa euro 14 kila mmoja. Mwenye mgahawa, aliposikia lafudhi yangu, alisema kwamba Kiswahili changu ni cha kanisani. Nilipomsimulia kilichonileta, aliita watu wa jikoni waje wamwone mtu aliyetoka Tanzania kuja kunywa pombe iliyoharibika.

Kuhusu kusafirisha chupa: zifunge kwa soksi nene, kisha mfuko wa plastiki, kisha katikati ya nguo kwenye begi la kupakiwa, kamwe si la mkononi. Zangu zilifika salama, ingawa taulo moja lilipata waridi kidogo. Forodhani nilizitaja mwenyewe, afisa akaangalia lebo, akaniuliza kama ni divai. Nilisema ni kama mbege. Akaniruhusu.

Jumapili 12 Mei: Marangu

Tulifungua geuze baada ya ibada, uani kwa Bibi, wajomba wakiwepo. Kizibo kilitoka kwa kishindo na mbwa akakimbilia migombani. Bibi aliikataa glasi, akaagiza kata yake. Alinusa kwanza, kwa muda mrefu, macho yakiwa yamefumbwa kama alivyokuwa akifanya kwenye pipa lake, kisha akanywa.

“Imechacha vizuri,” alisema. “Ina siku ngapi?”

Nilimweleza kwamba humo ndani kuna ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya miaka mitatu. Aliitazama kata, akanitazama mimi.

“Miaka mitatu,” alisema. “Na ada ya mama yako ningelipa na nini?”

Wajomba walicheka. Yeye hakucheka, alimaliza kilichobaki, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga na kuninyooshea kata niongeze.